Mstari wa Juu

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mzee Wesonga huzima simu yake, huiweka kwenye droo ya kabati la vyombo, kisha huketi kwenye kiti kisicho na mikono na kupiga nusu ya wimbo.

Ni nusu kweli. Selo yake, ile fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti, huimba kwa muda halafu hunyamaza. Upinde hubaki hewani. Mguu wa kulia huhesabu sakafuni, moja mbili tatu nne, na mara nyingine huhesabu hivyo hadi mara kumi na sita kabla mkono haujashuka tena. Kisha selo hujibu neno ambalo hakuna aliyelisema. Majirani wa mtaa wa Woodley wamezoea. Mama Sammy wa nyumba ya pili aliniambia kwamba alipohamia pale alidhani mzee ndio anajifunza, na kwamba kila akifika mahali fulani anasahau.

Nilifika kwake mara ya kwanza mwezi wa tano. Kazi yangu ni kunakili muziki: mtu huniletea nota alizoandika kwa mkono, nami huziingiza kwenye kompyuta ili wapigaji wengine waweze kuzisoma. Nilisomea muziki chuo kikuu lakini sikuwahi kuwa mtu wa jukwaani, na kazi hii inanifaa kwa sababu haihitaji maneno mengi. Aliyenituma ni Bi Yvonne Kihara wa Kitisuru, ambaye nyumba yake ina ukumbi wa kukaa watu themanini. Miaka michache nyuma alikuwa amewasikia wazee wawili kwenye arusi ya rafiki yake, mmoja wa selo na mmoja wa udi, ala ile ya nyuzi ya taarabu, na hakuwasahau. Sasa alitaka nyimbo zao nne zipigwe ukumbini kwake mwisho wa mwezi wa nane, wazee wenyewe mbele na wapiga fidla wanane nyuma yao. Wale wanane walihitaji nota, na nota zilipaswa kuwa kamili.

Mzee alinipa chai, akauliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia ni Webuye alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kumbe mimi ni mtu wa nyumbani. Kisha akaleta madaftari kumi na moja ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma, akayapanga mezani.

"Yote iko hapa," alisema.

Nilifungua la kwanza. Kila ukurasa ulikuwa na mistari iliyochorwa kwa rula, safu ya mitano juu na safu ya mitano chini, kama inavyoandikwa kwa ala mbili. Safu ya chini ilijaa nota za penseli, ndogo na safi kuliko za walimu wangu. Safu ya juu ilikuwa tupu. Mwanzoni kulikuwa na herufi F, kisha vigawanyo vya vipimo, kisha weupe. Hapa na pale aliandika maneno mawili matatu. Hapa anapanda. Hapa anachelewa, mngoje. Hapa anacheka.

Nilifungua la pili, la tano, la kumi na moja. Nadhani aliuona uso wangu, kwa sababu alijibu kabla sijasema kitu.

"Hiyo ya juu ni ya Fatah. Alikataa kuandikwa."

Fatah ni Abdulfatah. Walikutana mwaka wa 1986, Wesonga akiwa na miaka ishirini na minne na kazi ya utarishi katika shule moja ya muziki katikati ya jiji. Baba yake alikuwa mpiga litungu kule Bungoma, kinubi kile cha nyuzi saba kinachopigwa kwenye jando na matanga, na mwanawe alikuja Nairobi na cheti cha shule ya msingi na vidole vilivyozoea kudonoa nyuzi. Mwalimu mmoja Mwingereza alimkuta saa ya chakula akidonoa selo ya shule kana kwamba ni litungu. Badala ya kumfukuza alimfundisha upinde, kila jioni baada ya kazi kwa miaka minne, kwa kutumia muziki wa kanisani wa Ujerumani wa miaka mia tatu iliyopita. Mwalimu huyo aliporudi kwao alimwachia selo. Kwa selo hiyo Wesonga akapata kazi ya pili kwenye sebule ya hoteli moja mjini, katika bendi ndogo ya jazi: kinanda, ngoma na yeye. Mpiga kinanda akahamia Dubai ghafla, na meneja akampa Wesonga hadi Ijumaa awe ametafuta mwingine.

Mpiga kinanda hakupatikana. Siku ya Jumanne alikuwa akipita na barua nyuma ya maduka ya Biashara Street, akasikia mtu akipiga udi ndani ya stoo ya leso. Huyo alikuwa Abdulfatah, kijana wa Mombasa, karani katika duka la ami yake, amejificha kati ya marobota kwa sababu ami hakutaka muziki dukani. Wesonga alisimama mlangoni na bahasha zake mpaka wimbo ukaisha. Kisha, kwa maelezo yake mwenyewe, walikosana papo hapo. Alimwambia Abdulfatah kwamba muziki wake unazunguka tu haufiki, kama mtu anayetafuta pakingi mjini. Abdulfatah alitaka kusikia huyo anayefika hupiga nini. Alipoisikia selo siku ya pili alisema, "Wewe bwana, wapiga kama wachimba choo."

Ijumaa walipanda jukwaani pamoja, na hoteli ikawaweka miaka ishirini na sita.

Walitunga kwa njia moja tu. Fatah alianza kitu, Wesonga akakijibu, Fatah akalijibu lile jibu. Ndani yake mlikuwa na taarabu ya Mombasa, na litungu, na jazi waliyoikuta hotelini, na ule muziki wa Ujerumani, na vitu hivi viliingiliana hadi Mzee hawezi tena kusema kipi kilitoka wapi. Kilichoshika walikipa jina la siku kiliposhika: Ya Jumanne, Ya Idi, Ya Siku ya Mvua. Wesonga akirudi Woodley aliandika sehemu yake. Alipojaribu kuandika na ya mwenzake, Fatah alililaza daftari mezani, akaweka mkono juu yake, akasema akiandikwa ataanza kupiga ya jana. Wakakubaliana. Ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza.

Ya pili ilihusu simu. Simu za mkononi zilipoingia mjini, ya Wesonga ililia mfukoni katikati ya wimbo, mbele ya wageni. Fatah aliuweka udi chini kwa utaratibu, akatoka, akakaa nje akinywa kahawa mpaka muda wao ukaisha. Alisema simu na udi havikai chumba kimoja. Tangu siku hiyo simu huzimwa na kuwekwa mbali kabla upinde haujaguswa. Sebule ya hoteli ilipogeuzwa ukumbi wa kutazamia mpira, wazee walihamia kwenye arusi, sherehe za balozi na matanga ya Wakristo, na sheria zao wakahama nazo. Studio waliingia mara moja tu, na kanda ikapotea mwenye studio alipofunga. Video za arusini zipo. Ndani yake husikika vijiko na mashangazi.

Katikati ya mwezi wa nne, jambo ambalo Bi Yvonne hakulijua aliponituma, Abdulfatah alianguka akitia udhu. Kiharusi kilichukua upande wote wa kulia pamoja na maneno. Alikuwa amelazwa Upper Hill, na madaktari walikuwa wamemwambia binti yake Fathiya kwamba kingine kinaweza kuja wakati wowote. Kilichosalimika ni mkono wa kushoto, ule unaobana nyuzi.

Nilikaa na kikombe mkononi nikielewa polepole. Nyimbo zilikuwa kumi na tisa. Nusu yake ilikuwa mezani mbele yangu, na nusu ya pili ilikuwa katika vidole vitano vya mtu aliyelala hospitalini.

Mzee alikuwa ameshafikiria la kufanya. Saa saba mchana wagonjwa hutembelewa. Angeenda na udi kila siku, Fatah abane nyuzi kwa mkono wake wa kushoto, yeye adonoe kwa mkono wake wa kulia, kisha aandike kila kilichotoka. Sheria ya kwanza ilikuwa imeshindwa na ugonjwa, alisema, na Fatah mwenyewe alipoulizwa alifumba macho na kuyafumbua, jambo ambalo Fathiya alilichukua kuwa ni ndiyo. Nilimchapishia karatasi ishirini na mbili za zile nyimbo nne, safu ya chini imejaa na ya juu inangoja. Nikamchongea penseli tatu. Alizitia mfuko wa ndani wa koti.

Siku ya kwanza nilimsindikiza. Wodi ilikuwa na vitanda sita. Abdulfatah alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia iliyodariziwa, nusu ya uso imeteremka, na nusu nyingine ilipomwona Mzee ilifanya kitu kilichofanana na dharau. Mzee alicheka. Alimwinua, akamwegemeza kwenye mito, akaketi upande wake wa kulia, ule uliokufa, akaulaza udi juu ya mapaja ya wote wawili. Mkono wa kushoto wa Abdulfatah ulipanda wenyewe ukashika shingo ya udi.

Kitanda cha jirani kilikuwa na dereva wa lori aitwaye Haron, aliyepigwa na kiharusi mguuni lakini ulimi wake ulikuwa mzima. Walipopiga sauti ya kwanza alijiinua kwa kiwiko.

"Hiyo ni nini sasa? Si injili, si rumba."

"Ni yetu," Mzee alisema.

"Haya. Mkimaliza yenu mtupigie ya watu."

Nilikuwa na karatasi ya Ya Jumanne magotini. Vidole vya Abdulfatah vilibana, Mzee akadonoa, na nota nne zikateremka moja baada ya nyingine. Ziliingia katika kipimo cha kwanza cha safu ya juu kama ufunguo katika kufuli lake. Mzee alitoa penseli, akaziandika zote nne hapohapo, juu ya mto. Nilipata matumaini makubwa. Kisha ikafika zamu ya selo. Selo haikuwepo. Mzee alikuwa na penseli mkononi, na hakuwa na haja ya kufanya lolote ila kungoja vipimo viwili vipite, kwa sababu vyake vilishaandikwa tangu mwaka wa 1986.

Aliweka penseli mdomoni, akaudonoa uzi mzito wa udi kwa kidole gumba, kwa mtindo wa litungu, akajibu.

Macho ya Abdulfatah yakamgeukia. Vidole vikahama. Kilichotoka hakikuwa kipimo cha nne cha Ya Jumanne. Nilifuatilia kwenye karatasi na hakikulingana na chochote. Kilikuwa kipya. Mzee akakijibu hicho pia. Nusu ya mdomo wa Abdulfatah ilicheka, mate yakamtoka, Mzee akayafuta kwa mkono wa koti bila kuacha kudonoa, na wakaendelea hivyo mpaka muuguzi akaja kutuambia ni saa nane.

Kwenye lifti Mzee alitazama karatasi yake. "Kesho nitaandika," alisema.

Alisema hivyo kesho yake pia. Nilikuwa nikienda Woodley asubuhi mbili kwa juma, nikikuta karatasi zimerudi zimekunjwa, zina joto la koti na hazina kitu. Mzee alinisimulia kwa furaha yaliyotokea. Fatah amegundua jambo kwenye uzi wa tatu. Fatah jana alimtega, akamwacha aingie peke yake kama mjinga. Haron sasa huwanyamazisha wageni wa vitanda vingine saa saba ikifika. Nilisikiliza nikihesabu wiki. Ilipofika wiki ya tatu nilijikaza nikamwambia kwamba si lazima aandike, awashe tu simu iwe inarekodi kando ya mto. Alinitazama kana kwamba nimemtaka aingie msikitini na viatu. Halafu akasema, kwa upole, kwamba atafikiria.

Bi Yvonne alinipigia. Si mtu mbaya. Alikuwa na tarehe, na watu wanane waliohitaji kufanya mazoezi. Alisema nota zisipokamilika kufikia tarehe kumi ya mwezi wa saba, kuna mpiga kinanda anaitwa Clifford, kijana aliyesoma ng'ambo, atajaza safu ya juu kwa kufuata mtindo wa yule mzee wa udi. Nilipofikisha ujumbe huo Mzee alikuwa akipaka utomvu mkavu kwenye nywele za upinde. Aliendelea kupaka muda mrefu.

"Huyo Clifford amewahi kumsikia Fatah?"

Nilisema sidhani.

"Basi atajaza na nini?"

Aliniambia nije Jumanne asubuhi na mapema. Tungeijaza wenyewe kutoka kichwani mwake, halafu mchana tumpelekee Fatah asahihishe. Alikuwa amepiga nyimbo hizo miaka thelathini na minane, alisema. Haiwezekani asizijue.

Jumanne hiyo ilikuwa baridi ile ya mwisho wa mwezi wa sita, ya kuvaa sweta ndani ya nyumba. Nilifika saa mbili kasoro. Simu yake ilikuwa imeshazimwa tangu alfajiri, kwa ajili ya zoezi lake la kila siku. Aliomba na yangu, akaziweka zote mbili kwenye droo. Tukaanza. Alipiga jibu lake, akasimama, akajaribu kuimba kile alichokuwa akikijibu. Hakikuja. Akarudia. Mara tatu alitoa kitu akaniashiria niandike, nikaandika, kisha akatikisa kichwa na kusema hicho ni chake mwenyewe, nifute. Karatasi ilikuwa ya kijivu kwa kufutwa.

"Mahali pa kuitika napajua," alisema. "Nilikuwa naitwa aje, hiyo ndiyo sijui."

Saa sita na nusu tuliacha. Alinirudishia simu yangu. Yake aliitia mfukoni ikiwa imezimwa, maana muda si mrefu angekuwa anapiga tena, akachukua udi, tukaenda Upper Hill.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka jipya, limenyooshwa na kukazwa pembeni. Hakukuwa na mto wa ziada, wala kofia. Haron alikuwa ameketi akitutazama tangu tulipotokea mlangoni, na hakuwa na mzaha wowote.

"Mzee, kwani hawakukupata?" aliuliza. "Huyo binti amekupigia mpaka mimi nikamwonea huruma. Jamaa ametuacha kabla ya alfajiri. Walikuja wakamchukua kitu saa mbili."

Mzee aliegemeza udi kwenye kitanda. Alitoa simu akaiwasha, akasimama nayo kwenye kiganja. Ilianza kutetema na haikuacha. Fathiya alikuwa amepiga mara kumi na nne. Ujumbe wa mwisho ulisema: Ami Wesonga, tunamzika baada ya swala ya adhuhuri, Kariokor, tafadhali. Ilikuwa saa saba na dakika kumi.

Tulipata teksi langoni. Barabara ilikuwa imejaa kuanzia Haile Selassie. Mzee alikaa na udi mapajani, akitazama gari la mbele. Alizungumza mara moja tu, na sidhani alikuwa akiniambia mimi. Alisema kwao mtu kama Fatah angelala nyumbani wiki nzima, hata aliye Uganda apate kufika. Alijua Waislamu huzika siku hiyohiyo. Amekaa nao maisha yote. Lakini hakuwahi kufikiria kwamba siku yenyewe ingekuwa asubuhi tu.

Tulifika wanaume wakitoka, wakipangusa mikono. Mimi nilibaki nje ya lango na udi. Kutoka pale nilimwona akitembea kati ya makaburi na koti lake la kahawia, mzee mmoja wa kanzu akimwonyesha. Udongo ulikuwa umeshainuliwa na kumwagiwa maji. Mzee wa kanzu alimwambia kitu, bila shaka kwamba anaweza kuongeza wake. Aliinama akachota udongo, akaushika. Kisha akaurudisha pale pale alipoutoa, akajifuta, akarudi langoni.

Nyumbani kwa Fathiya, South C, wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka na kisomo kilikuwa kikiendelea ndani. Fathiya alitutokea barazani, macho yamevimba.

"Ami Wesonga. Nilikupigia tangu saa kumi na moja."

"Ilikuwa kwenye droo," Mzee alisema.

Alimtazama. Alivuta pembe ya mtandio akaiweka mdomoni, na sikujua kama analia au anacheka.

"Sheria yake mwenyewe," alisema.

Akaongeza kwamba udi ubaki na ami, kwani kaka zake hawangependa kuuona katika nyumba ya matanga. Mzee aliitikia. Tuliondoka nao.

Safu ya juu ikapewa Clifford. Katikati ya mwezi wa saba tuliitwa Kitisuru kusikiliza. Ukumbi ule una madirisha marefu yanayotazama miti, na wapiga fidla wanane walikuwa wameketi nusu duara na sweta zao. Clifford alimwamkia Mzee kwa heshima, akamvutia kiti, akasema kama kuna mahali amekosea aambiwe. Kisha wakapiga Ya Jumanne yote, mwanzo hadi mwisho. Nota nne za kwanza zilikuwa za Abdulfatah, zile za juu ya mto. Zilizofuata zilikuwa za Clifford. Nilizikagua kwa masikio ya darasani na sikuona kosa. Zilikuwa laini, zilipanda palipoandikwa hapa anapanda na kuchelewa palipoandikwa anachelewa. Penye hapa anacheka aliweka mapambo mepesi ya vidole, na Bi Yvonne akatabasamu.

Mzee alikuwa na selo na alipiga sehemu yake bila kukosea. Mwishoni aliulaza upinde magotini.

"Hujakosea, kijana," alimwambia Clifford. "Ni nzuri. Lakini mimi sikuwa najibu hiyo."

Bi Yvonne aliomba, kisha akaomba tena. Alisema ni heshima kwa marehemu, na kwamba pasipo hivyo muziki wao hautasikika kabisa. Mzee alikubali kwamba huenda hautasikika. Aliomba madaftari yake. Mwisho wa mwezi wa nane ukumbi ulijaa na vitu vingine vikapigwa, na katika ratiba waliyopewa wageni jina lake halikuwepo wala la Abdulfatah.

Mimi niliendelea kunakili, kwa sababu aliniomba. Alitaka nyimbo zote kumi na tisa, kama zilivyo. Nilizimaliza mwezi wa tisa, nikampelekea zimechapwa na kufungwa vizuri: safu ya chini imejaa, safu ya juu tupu, isipokuwa nota nne katika ukurasa wa kwanza wa Ya Jumanne. Aliupitia kila ukurasa kwa kidole. Alisahihisha mahali pawili. Udi ulikuwa umening'inizwa ukutani juu ya kabati, na nyuzi zake zimelegea, hauguswi.

Nilikuwa nimefika mapema, kabla ya chai. Alizima simu akaiweka kwenye droo. Akanyoosha mkono bila kusema, nami nikampa yangu. Akakaa, akavuta selo, akaanza Ya Jumanne. Nilifuata kwenye kitabu kipya. Ilipofika ile nafasi ndefu aliinua upinde, mguu ukahesabu, na mimi nikatazama vipimo kumi na sita vyeupe vikipita kimoja kimoja.

Alipomaliza alifuta nyuzi kwa kitambaa. Mimi si mwepesi wa kuuliza watu mambo yao, na miezi yote ile sikuwa nimemwuliza swali hata moja. Nilimwuliza hilo moja. Siku thelathini na nne alikaa kando ya Fatah, penseli mfukoni na karatasi mkononi, akijua wakati ni mfupi. Kwa nini hakuandika hata mstari?

Alikikunja kitambaa, akakitia ndani ya kasha la selo.

"Tulikuwa tunapiga," alisema.